Moyo Umetibiwa, Tusiusahau Ubongo



Safu hii imezoea kuzungumzia shule, lugha na malezi ya watoto wetu hapa Uingereza. Mwezi huu tunagusa jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la madaktari peke yao, nalo ni watoto wanaozaliwa na hitilafu ya moyo, na namna hitilafu hiyo inavyougusa ubongo. Tumelichagua kwa sababu, baada ya miaka mingi ya kusimama mbele ya ubao, tumeona kwamba jambo hili haliishii hospitalini. Humfuata mtoto mpaka darasani, na aghalabu likifika huko halitambuliki tena. Mzazi anajua kwamba moyo ulitibiwa zamani, mwalimu hajui kwamba uliwahi kuwa na kasoro, na mtoto aliye katikati yao huitwa mvivu.

Hitilafu za moyo za kuzaliwa nazo si nadra kama wengi wetu tunavyodhani. Takriban mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa nayo. Walio wengi wana kasoro ndogo, kama vile tundu dogo kati ya vyumba vya moyo ambalo huenda likajiziba lenyewe, na watoto hao hukua kama wenzao. Maelezo yetu yanawahusu hasa wale wenye hitilafu kubwa, wanaohitaji kupasuliwa katika siku au miezi ya mwanzo ya uhai wao. Kadhalika yanawahusu watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati.

DAMU NA NJIA ZAKE

Mtoto aliye tumboni hapumui. Oksijeni humfikia kutoka kwa mama yake, kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Kwa kuwa mapafu yake hayajaanza kazi, mwili wake una njia mbili za mkato za kuipitisha damu kando ya mapafu. Ya kwanza ni uwazi kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Ya pili ni mshipa mfupi unaouunganisha mshipa wa mapafu na aota, yaani mshipa mkuu wa mwili. Mpango huu una hekima kubwa ndani yake, kwani damu iliyo na oksijeni nyingi zaidi huelekezwa upande wa kushoto wa moyo, na kutoka huko hupanda kichwani. Ubongo unaojengwa ndio unaohudumiwa kwanza.

Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, mambo hubadilika mara moja. Mapafu hufunguka, damu huanza kuyapitia, na njia zile za mkato huanza kufungwa. Mshipa ule mfupi kwa kawaida hujibana katika siku 2 au 3 za mwanzo. Hapa ndipo matatizo mengi yanapojitokeza, kwa sababu moyo ambao ungeweza kustahimili kasoro yake tumboni sasa unatakiwa kujitegemea.

Kwa mtoto njiti mshipa huo mara nyingi hukataa kufunga. Damu ambayo ingekwenda mwilini na kichwani hurudi mapafuni, mapafu yakalemewa na ubongo ukapungukiwa. Madaktari husubiri na kumwangalia, au humpa dawa ya kuufunga mshipa, au huufunga wao wenyewe.

Kwa mtoto mwingine hali ni kinyume chake. Wapo wanaozaliwa mishipa mikuu miwili ikiwa imebadilishana mahali, aota ikatoka upande wa kulia wa moyo na mshipa wa mapafu upande wa kushoto. Damu ya mwili huzunguka mwilini tu bila kupita mapafuni, na ile ya mapafuni hurudi mapafuni. Mtoto huyu huishi kwa zile njia za mkato peke yake, na zikifungwa hana wokovu. Ndiyo maana yeye hupewa dawa ya kuuweka mshipa wazi. Mwaka 1966 daktari William Rashkind wa Philadelphia alionyesha namna ya kupitisha kipira kidogo ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni na kuupanua uwazi wa juu bila kupasua kifua. Kisha mwaka 1975 Adib Jatene wa Brazil alifaulu kuihamisha mishipa yenyewe na kuirudisha mahali pake. Operesheni hiyo leo hufanywa katika wiki za mwanzo za maisha, na walio wengi hupona na kukua.

UBONGO HAUNA GHALA

Kwa nini basi tunauhofia ubongo? Kwa sababu ubongo hauna ghala la kutosha la kujiwekea akiba. Misuli huweza kuvumilia upungufu kwa muda, lakini ubongo hutegemea kile kinacholetwa na damu dakika hiyo hiyo. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wake, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za oksijeni ya mwili. Kwa mtoto mchanga kichwa ni sehemu kubwa zaidi ya mwili, na ubongo wake uko katika ujenzi wa haraka kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Kwa muda mrefu wazazi, na hata baadhi ya madaktari, waliamini kwamba mtoto akipata shida ya ubongo baada ya operesheni ya moyo, basi operesheni ndiyo iliyomdhuru. Uchunguzi umeonyesha kwamba habari ni ndefu zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa San Francisco walichapisha matokeo ya picha za ubongo wa watoto wachanga wenye hitilafu kubwa za moyo, zilizopigwa kabla ya kupasuliwa. Mwaka 2009 wenzao wa Philadelphia walichapisha matokeo yao. Watoto hawa, ingawa walizaliwa wakati wao ulipotimia, ubongo wao ulikuwa mchanga kuliko umri wao, na wale wa Philadelphia walikadiria kwamba ulikuwa umechelewa kwa takriban mwezi mmoja. Yaani damu iliyokuwa ikipanda kichwani tangu tumboni haikuwa na oksijeni ya kutosha, au haikuwa nyingi ya kutosha.

Tunalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa tunawajua akina mama wanaojilaumu, na akina baba wanaomlaumu daktari aliyeokoa uhai wa mtoto. Ubongo uliochelewa si adhabu, wala si matokeo ya mama kunyanyua mzigo au kula kitu fulani. Ni kazi ya damu iliyopita njia isiyo yake.

UMEME WA KICHWANI

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mno. Mjerumani Hans Berger aliurekodi umeme huo kwenye kichwa cha binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Hapa London, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilibuniwa mashine nyepesi zaidi ya kuufuatilia ubongo wa mgonjwa mahututi kwa saa nyingi mfululizo. Mashine za ukoo huo ndizo zinazotumika leo katika wodi za watoto wachanga.

Mzazi akiingia wodini na kumkuta mwanawe ana nyaya kichwani hushtuka. Tungependa ajue kwamba nyaya hizo haziingizi umeme wowote. Zinasikiliza tu. Mtoto mchanga mwenye afya huonyesha mawimbi yanayopanda na kushuka kwa zamu kadiri anavyolala na kuamka. Damu au oksijeni ikipungua sana, mawimbi hayo hufifia, hukatika kwa vipindi, na zamu ya kulala na kuamka hupotea. Hali inapotengemaa, mawimbi hurudi hatua kwa hatua. Daktari huangalia mambo mawili, mawimbi yamerudi upesi kiasi gani, na je, kuna degedege?

Degedege la mtoto mchanga si lile tunalolijua la mtoto mkubwa anayekakamaa na kutupa mikono. Huenda akakodoa macho tu, akatafuna pasipo na kitu kinywani, akachezesha miguu kama apandaye baiskeli, au akasita kupumua. Huenda pia asionyeshe chochote. Katika uchunguzi uliochapishwa Philadelphia mwaka 2015, watoto wachanga waliotoka kupasuliwa moyo walifuatiliwa kwa mashine, na takriban 8 katika kila 100 walipata degedege. Wengi wao hawakuonyesha dalili yoyote ya nje. Aliyesimama kando ya kitanda angesema mtoto amelala raha mustarehe. Kwa hiyo daktari akitaka kumwekea mtoto wenu nyaya hizo, msikatae kwa kudhani kwamba anafanyiwa majaribio.

Uchunguzi mwingine mashuhuri ulianzia Boston mwaka 1988. Watoto 171 ambao mishipa yao mikuu ilikuwa imebadilishana mahali walipasuliwa kwa njia mojawapo ya mbili. Wengine mzunguko wa damu ulisimamishwa kabisa kwa muda, mwili ukiwa umepozwa. Wengine damu iliendelea kupitishwa kidogo kidogo kwa mashine. Matokeo ya mwaka 1993 yalionyesha degedege zaidi kwa wale ambao damu yao ilisimamishwa kabisa, na madaktari wakajifunza kuufupisha au kuuepuka muda huo. Lakini jambo kubwa kwetu sisi walimu ni kwamba watafiti hao hawakuwaacha watoto baada ya hospitali. Waliwafuata mpaka wakawa vijana wa miaka 16. Walipokuwa na miaka 8, wastani wa alama zao za akili ulikuwa ndani ya kawaida. Hata hivyo, walipofika miaka 16, karibu theluthi mbili yao walikuwa wamewahi kuhitaji msaada wa ziada katika masomo au mwenendo. Na hilo lilikuwa kweli kwa makundi yote mawili.

Hapo ndipo kiini cha maneno yetu kilipo. Watoto hawa si wajinga. Wengi wana akili kama wenzao. Ila kuna kazi fulani za ubongo ambazo kwao ni nzito zaidi, nazo ni kutulia na jambo moja, kushika maagizo kadhaa kwa pamoja, kupanga kazi hatua kwa hatua, kuandika upesi, na wakati mwingine kuelewa kile ambacho mwenzake hakukitamka. Kazi hizi hazionekani mtoto akiwa na miaka 2. Huonekana akiwa na miaka 8 au 10, masomo yanapokuwa mazito, wakati ambapo kila mtu nyumbani amekwisha kusahau habari za moyo.

RANGI YA NGOZI

Kabla ya kufika darasani, kuna jambo moja linalowahusu watu wa rangi yetu zaidi. Vitabu vingi vya uuguzi husema kwamba mtoto mwenye moyo mbovu hugeuka bluu. Jina la "watoto wa bluu" lilienea baada ya operesheni iliyofanywa Baltimore tarehe 29 Novemba 1944 na Alfred Blalock, kwa wazo la daktari Helen Taussig, na kwa ufundi wa Vivien Thomas, Mmarekani mweusi asiye na shahada ya udaktari ambaye ndiye aliyeijaribu na kuikamilisha maabara. Jina hilo lina walakini. Mtoto mweusi hageuki bluu kama mtoto mweupe. Anaweza kuwa na rangi ya kijivu, au asionyeshe badiliko lolote kwenye uso. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 hapa Uingereza kuhusu uchunguzi wa watoto wachanga wasio weupe ilionya dhidi ya kutegemea maneno kama "waridi" na "bluu". Tazameni ulimi, ufizi na upande wa ndani wa midomo.

Kipo pia kifaa kidogo chenye mwanga kinachobanwa mkononi na mguuni ili kupima oksijeni ya damu. Mwaka 2011 kulichapishwa uchunguzi wa zaidi ya watoto 20,000 waliopimwa hivyo katika hospitali za katikati mwa Uingereza, na kifaa kiligundua hitilafu kubwa ambazo zingeweza kupita bila kuonekana. Mwaka huo huo Marekani ilikiingiza kipimo hicho katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mchanga. Hapa kwetu mtoto huchunguzwa moyo katika saa 72 za mwanzo na tena akiwa na wiki 6 hadi 8, na hospitali nyingi huongeza kipimo cha mwanga. Ulizeni kama mtoto wenu amepimwa. Lakini mjue kwamba uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020, uliofanywa kwa watu wazima, ulionyesha kuwa vifaa hivyo huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa wenye ngozi nyeusi. Mtoto akipumua mbio, akichoka na kutoka jasho anaponyonya, au akilegea, msitulizwe na namba. Pigeni 999.

DARASANI

Tuliwahi kumfundisha mvulana mmoja wa jamii yetu aliyesoma kwa sauti nzuri kuliko nusu ya darasa. Lakini ukimwambia afungue kitabu, aandike tarehe, kisha ajibu maswali matatu, ungemkuta baada ya dakika kumi bado anaitazama tarehe. Ripoti zake zilisema hafanyi bidii. Walimu wengine wakasema tatizo ni Kiswahili cha nyumbani, na wazazi wakashauriwa waache kukizungumza. Wakatii. Nyanya yake alipokuja kumchukua siku moja, tulimuuliza kwa upole juu ya utoto wake, naye akatuambia kwamba alipasuliwa moyo akiwa na siku tisa. Shule ilikuwa haijaambiwa kwa miaka mitano.

Hatukuhitaji miujiza. Alikaa mbele. Alipewa agizo moja kwa wakati mmoja, tena limeandikwa. Aliongezewa muda wa mitihani. Shule ikaomba mtaalamu ampime, na barua ya hospitali ikaingizwa katika faili lake. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hilo halikuwa lengo. Aliacha kuitwa mvivu, na baada ya muda yeye mwenyewe akaacha kujiita hivyo. Na nyanya yake akarudi kumsimulia hadithi kwa Kiswahili, kwa maana lugha mbili haziudhuru ubongo wa mtoto, hata ule uliowahi kupungukiwa. Kumnyima mtoto lugha ya nyanya yake ni kumwongezea upweke juu ya mzigo alio nao.

Tunajua kwa nini wazazi hunyamaza. Wengine wanachelea jicho la hasidi. Wengine wanafikiri juu ya binti yao na kovu la kifuani, na posa zitakazokuja au zisizokuja. Wengine wameshukuru tu kwamba mtoto yu hai, na hawataki kufukua yaliyopita. Yote hayo tunayaheshimu. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chenyewe si lazima kiwe cha msiba. Kinaweza kuwa cha mtoto anayelia chumbani kwa sababu amechoka kukemewa kwa kitu asichokiweza.

YA KUFANYA

Kwanza, hifadhini karatasi zote za hospitali pamoja na kile kitabu chekundu cha afya ya mtoto. Mnapohama mji au nchi, zisafiri nanyi na si katika mzigo wa meli. Mkimpeleka mtoto nyumbani likizo, chukueni barua ya daktari. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, ambayo huwapasua watoto wa aina hii, na barua hiyo itawasaidia wahudumu huko iwapo atahitaji matibabu.

Pili, msisubiri mtoto ashindwe ndipo mwulize. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2012, na kuupitia upya mwaka 2024, kwamba watoto waliozaliwa na hitilafu kubwa za moyo wafuatiliwe maendeleo yao ya akili na mwenendo kadiri wanavyokua. Mnapokwenda kliniki ya moyo ulizeni waziwazi: "Na ubongo wake, nani anaufuatilia?"

Tatu, iambieni shule kabla ya siku ya kwanza. Kila shule hapa ina mwalimu anayeshughulikia watoto wenye mahitaji maalumu. Ombeni kuonana naye, mkiwa na barua mkononi. Habari hiyo ni siri ya shule, haitangazwi mbele ya darasa.

Nne, dai mkalimani. Hospitali hutoa mkalimani bila malipo. Usimfanye mtoto wako mkubwa atafsiri habari za ubongo wa mdogo wake. Si haki kwake, na hatakuwa na maneno ya kutosha.

Tano, nyumbani mpeni mtoto kazi moja moja. "Vaa viatu." Akimaliza, "Chukua mkoba." Msimlinganishe na binamu yake. Vitendawili, hadithi, bao na kupika pamoja humfunza kungoja zamu, kukumbuka na kupanga, na hakuna dawa ya dukani inayoweza kuvishinda.

Wapo miongoni mwetu, wazee kwa vijana, ambao walipasuliwa moyo utotoni na leo ni wazazi, madereva, wauguzi na wanafunzi wa chuo. Watoto hawa wana mustakabali. Wanachohitaji ni kwamba wale wanaowapenda na wale wanaowafundisha wawe na habari moja iliyo sahihi. Jumatatu hii, kabla ya mlango wa shule kufungwa, mzazi mwenye barua ya hospitali kabatini aitoe, aipige fotokopi, aipeleke.